Boti Mbili Juu ya Matela na Watu Wasio na Majina

Mwezi uliopita shemeji yangu aishiye Uingereza alinipigia simu. Alitaka kuleta Dar es Salaam boti yake ya uvuvi pamoja na tela lake, akaniuliza kama vyote viwili vingeingia katika kontena la futi 40. Mimi ni mwalimu wa historia, si wakala wa forodha. Hata hivyo nilichukua kalamu. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa takriban mita 2.34. Boti yake ina upana wa futi 8, yaani mita 2.44. Sentimita 10 tu zinamkwamisha. Wenye ujuzi huilaza boti kiubavu juu ya fremu ya mbao, huyang'oa magurudumu ya tela, kisha hufunga kila kitu kwa mikanda kisicheze baharini.

Vipimo vile vilinikumbusha boti nyingine mbili, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 8, zilizotoka Uingereza na matela yake mwezi Juni 1915. Zama za kontena zilikuwa mbali: meli Ideal-X iliondoka Newark na makontena yake 58 mwezi Aprili 1956.

Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala maji ya Ziwa Tanganyika. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Ndiyo Liemba tunayoijua leo.

Waingereza walijibu kwa kuleta boti zilizo nzima. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, majina ya utani ya Kifaransa ya paka na mbwa. Ziliteremshwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Pale reli ilikoma. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba, inayopanda zaidi ya mita 1,800, na hakukuwa na barabara.

Vitabu vingi husema kwamba Spicer-Simson alizivusha boti hizo. Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka tuitilie shaka. Njia ilikatwa msituni kwa mikono ya Waafrika. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa magogo. Mashine mbili za mvuke zilikokota matela. Ziliposhindwa, maksai na watu walishika kamba. Mashine zilipoishiwa maji, wanawake wa vijijini waliyabeba vichwani ili kuzilisha. Kazi hiyo ilianza Agosti, na mwishoni mwa Septemba boti zilifika kwenye kipande kingine cha reli huko Sankisia. Baada ya kupita mto Lualaba na reli nyingine, zilifika ziwani mwezi Oktoba. Tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Tunalijua jina la kamanda. Tunayajua hata majina ya boti. Msomaji wa Kiswahili akikutana na jina Mimi husikia mtu akijitaja; lakini wanawake waliobeba maji hawakupewa nafasi ya kujitaja popote.

Wala hili si kosa la mwandishi mmoja. Aprili 2021, ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Kwetu kumbukumbu kubwa ya wapagazi ni neno: Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Leo bidhaa zinazotoka kwenye makontena ya bandarini huishia sokoni hapo, na bado hubebwa mabegani na vijana ambao stakabadhi haziwataji.

Kontena limepunguza jasho, nami silionei haya kulisifu. Lakini limefanya pia kazi ya binadamu iwe rahisi zaidi kusahaulika, kwa kuwa kilicho ndani ya kasha lililofungwa huonekana kana kwamba kimejileta chenyewe. Mtumishi wa umma anayeandika ripoti ya mradi, na mwanafunzi anayeandika tasnifu, wanaweza kulirekebisha hili bila sheria mpya: pale penye sentensi "mzigo ulisafirishwa", waulize ni nani aliyeusafirisha, kwa ujira gani, na kama aliumia.

Shemeji amekwisha kupata bei ya kontena, usafiri wa meli na ushuru. Nilimwuliza ametenga kiasi gani kwa vibarua watakaoitoa boti ndani ya kasha na kuirudisha juu ya tela. Alinyamaza kidogo, akasema hakuwa amewafikiria.