Kitabu Kinachofichwa Chini ya Mto



Katika nyumba nyingi kuna kitabu kisichokaa mezani. Kinakaa chini ya mto, au ndani ya kikapu, chini ya nguo. Mama akiingia chumbani, binti anakificha upesi. Na pengine mama naye anacho chake, anakificha bwana wake asimcheke. Kitabu hicho si cha matusi wala cha uchawi. Ni hadithi ya mapenzi: kijana na msichana wanakutana, wanapendana, wanatengwa, na mwisho wanaoana. Mbona basi kinaonewa haya? Leo tutafute haya hiyo ilikotoka, kwa maana ni ya zamani sana.

Mtakatifu Teresa wa Avila alizaliwa Hispania mwaka 1515. Katika habari za maisha yake aliandika mwenyewe ya kwamba mama yake alipenda mno hadithi za mashujaa wapanda farasi. Baba yake hakuzipenda. Basi Teresa akazisoma mchana na usiku kwa siri, baba asijue. Alipokuwa mtu mzima alijilaumu kwa masomo hayo. Hata hivyo binti yule aliyeficha vitabu akawa mwandikaji mkubwa, na mwaka 1970 Papa Paulo VI akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Tuvuke sasa bahari, twende London. Huko aliishi mpiga chapa jina lake Samuel Richardson. Wauza vitabu wawili walimwomba atunge kitabu cha barua za mfano, kiwafundishe watu wa shamba namna ya kuandika. Katika kazi hiyo akapata wazo la msichana mtumishi anayewaandikia wazazi wake taabu zake. Mwaka 1740 akatoa kitabu kizima cha barua hizo, akakiita Pamela. Pamela ni maskini, umri wake miaka kumi na mitano. Bwana wa nyumba anamtaka, lakini hataki kumwoa. Anambembeleza, anamtisha, hata anamfungia katika nyumba ya mbali. Pamela anakataa. Mwishowe bwana anazisoma barua zake, moyo wake unageuka, anamwoa kwa ndoa ya haki.

Kitabu hicho kilivuma kuliko ngoma. Huko London mhubiri mmoja alikisifu kanisani. Watu husimulia ya kwamba katika kijiji kimoja walikuwa wakisomewa hadithi hiyo jioni kwa jioni, na walipofika mahali Pamela anapoolewa, wakakimbia kupiga kengele za kanisa kwa furaha! Lakini wengine walicheka. Mwaka 1741 Henry Fielding alitoa kijitabu cha mzaha, akasema msichana huyo hakuwa mwema hata kidogo, ila mjanja aliyemtega tajiri. Huko Roma, mwaka 1744, Pamela akaandikwa katika Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, ile iliyoondolewa mwaka 1966. Tazameni: kitabu kilekile, huku kinasifiwa kanisani, huku kinakatazwa, na huku kinachekwa.

Tangu hapo dharau haikuisha. Bibi Jane Austen, Mwingereza, aliiona vizuri. Katika kitabu chake Northanger Abbey, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kufa kwake, anaeleza jinsi msichana akiulizwa anasoma nini anavyokiweka kitabu chini kwa haya, kana kwamba amekutwa akiiba. Na bibi huyo anawalaumu waandikaji wenzake kwa sababu wao wenyewe huidharau kazi yao.

Katika nchi za Kifaransa jina lililojulikana kuliko mengine lilikuwa Delly. Wasomaji wengi hawakujua Delly ni nani. Kumbe walikuwa watu wawili, ndugu wa tumbo moja, Marie na Frédéric Petitjean de La Rosière. Waliishi kwa utulivu, wakaandika vitabu vingi sana. Dada alikufa mwaka 1947, kaka akamfuata mwaka 1949. Vitabu vyao vilikaribishwa katika nyumba za Wakristo, kwa maana havikuwa na neno la aibu. Na njia yake ilikuwa karibu daima moja. Msichana ni yatima au maskini, mwenye sala na upole. Mwanamume ni tajiri, wa ukoo mkubwa, mwenye kiburi na moyo wa baridi. Kuna ndugu mwenye wivu, kuna barua iliyopotea, kuna ugonjwa. Halafu kiburi kinavunjika, na upendo unashinda.

Huko London vilevile, mwaka 1908, Gerald Mills na Charles Boon walifungua duka la kupigisha chapa vitabu. Mwanzoni walitoa vitabu vya kila namna. Baadaye wakaona ni hadithi za mapenzi zinazotakiwa na watu, wakazishika hizo. Mwaka 1949 Harlequin ilianzishwa Kanada, nayo mwaka 1971 ikainunua nyumba ya Mills & Boon. Na waandikaji wa hadithi hizi huko Marekani, waliofanya chama chao mwaka 1980, walitaja sheria mbili tu: upendo uwe kiini cha hadithi, na mwisho ulete furaha na matumaini.

Hapo ndipo wenye kudharau wanaposhika neno. Wanasema: «Mwisho unajulikana kabla ya kuanza. Kuna faida gani kusoma?» Lakini tufikiri kidogo. Watoto wanaoketi kando ya moto wanajua Sungura atamshinda Fisi. Walisikia hadithi hiyo jana na juzi. Je, wanaondoka? Hapana, wanasogea karibu. Hawaulizi kama Sungura atashinda, wanataka kusikia atashindaje. Hata msomaji wa hadithi za mapenzi ndivyo alivyo. Hakununua mwisho, amenunua njia. Tena hadithi za askari wakamatao wezi nazo zina mwisho unaojulikana, kwa kuwa mwizi hukamatwa. Lakini mwanamume anayezisoma haambiwi afiche kitabu chake. Basi haya haikutoka katika mwisho wa hadithi tu. Kwa sehemu kubwa imetoka katika mkono unaokishika kitabu, nao ni mkono wa mwanamke.

Je, vitabu hivi havina kosa? Vinalo, tena zito, lakini si lile linalotajwa kwanza. Rudini kwa Pamela. Bwana yule alimfungia mtumishi wake na kutaka kumshika kwa nguvu. Halafu, akisha kutubu kidogo, anapewa msichana kama zawadi. Katika vitabu vya Delly mke huvumilia ukali wa mume mpaka mume alainike. Na katika kitabu cha Mmarekani Kathleen Woodiwiss cha mwaka 1972, kilichonunuliwa na watu wengi mno, mwanamume anamtenda msichana kwa nguvu mwanzoni, na baadaye anakuwa mpenzi wake. Hapa ndipo penye hatari. Msichana anaweza kujifunza ya kwamba ukali ni alama ya upendo, na ya kwamba akivumilia mapigo ya kutosha, mume atageuka. Sisi sote tumeona nyumba ambazo mume hakugeuka.

Lakini sikilizeni neno la ajabu. Mwaka 1984 mwalimu wa Marekani, bibi Janice Radway, alitoa kitabu juu ya wanawake wa mji mmoja waliopenda hadithi hizi. Hakuwacheka, aliwauliza. Walimjibu ya kwamba saa ya kusoma ndiyo saa yao wenyewe, baada ya kupika, kufua na kulea. Wengine walisoma kwanza kurasa za mwisho, wapate kujua kama mwisho ni mwema, ndipo wanunue. Na walipoulizwa mambo gani yasionekane kamwe katika hadithi ya mapenzi, katika yale waliyoyakataa mbele ya yote ni mwanamke kushikwa kwa nguvu. Basi wasomaji hawa waliodhaniwa wajinga walikuwa wamekwisha kuliona kosa, kabla ya wale waliowacheka. Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Nasi Waafrika hatukubaki nje. Mwaka 1998, huko Abidjan, Nouvelles Éditions Ivoiriennes walianza kutoa vitabu vidogo vya mapenzi kwa Kifaransa, jina lake Adoras. Ndani yake msichana si yatima wa Ulaya katika nyumba ya mtawala. Ni Mwafrika wa mjini, ana kazi yake, ana shangazi zake na wakwe zake. Njia ni ileile ya zamani, lakini miguu inayoipita ni yetu.

Basi, wazazi, mkimkuta binti na kitabu chake, msikinyang'anye wala msicheke. Mkicheka, atakificha tena, na hamtajua anasoma nini. Ombeni mkisome nanyi. Halafu mwulizeni neno moja tu: «Mwanamume huyu wa katika hadithi, kama angekuja kumposa dada yako, ungekubali?» Binti akijibu ndiyo, na aeleze kwa nini. Akijibu hapana, mjue ya kwamba amesoma vema, na kitabu hicho kinaweza kukaa mezani.