Somo la Redio: Roshani za Beit al-Ajaib

Nyinyi mlioko Mnyambe, na wenzenu wa Newala na Masasi, kaeni vizuri. Aliye na karatasi ya somo afuate kwa kidole, pole pole.

Leo tunasoma habari za zamani, lakini nitaanza na jambo la karibu. Nilifika Mnyambe kutazama darasa. Darasa lile lilikuwa likikutana katika baraza ya mzee mmoja, chini ya upenu. Nilikuwa nimechoka, nikataka kuegemea nguzo ya pembeni. Mzee akaniambia, "Mwalimu, hiyo usiiegemee. Hiyo tunaitazama tu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikachoma kalamu yangu penye nguzo ile, karibu na ardhi. Ikaingia nusu nzima. Mchwa walikuwa wamekula moyo wa mti, wakaacha ganda. Sikucheka tena, maana ganda lile lilibeba upenu, na chini ya upenu watoto wa wanafunzi wetu walikuwa wakicheza.

Sasa twende Unguja. Mwaka 1883 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alijenga jumba kubwa ukingoni mwa bahari. Likaitwa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Watu walistaajabia urefu wake, na baadaye taa zake za umeme. Mimi hustaajabia roshani zake. Roshani ni baraza ya ghorofani. Roshani za jumba lile zilikuwa pana, ghorofa juu ya ghorofa, zimeshikwa na nguzo ndefu za chuma.

Kwa nini chuma? Nyumba za mawe za pwani zilifuata urefu wa boriti. Boriti ni mti wa mkoko, kama ile iliyokatwa Rufiji na kupelekwa mbali kwa majahazi. Boriti haivuki nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba. Barghash alitaka upana, na chuma kikampa upana. Lakini kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti zilitumika pia. Basi chuma, mti na jiwe vikakutana mahali pamoja.

Hapo pana hatari. Roshani huonekana imara katikati, lakini uzima wake uko kwenye maungio, pale inaposhikana na ukuta na pale nguzo inapokanyaga chini. Maji ya mvua yakivuja, chuma hushika kutu, hasa penye hewa ya chumvi. Kutu huvimba, hupasua jiwe linalokishika chuma. Mti nao huoza kuanzia kichwa kilichozikwa ukutani, ambako jicho halifiki. Chokaa huoshwa kidogo kidogo. Kwa nje rangi bado ni nyeupe na watu bado wanapita.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga mji wa Unguja, kwa sababu Khalid bin Barghash alijitwalia ufalme. Vita vilikwisha kabla ya saa moja kutimia. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, likaharibika kabisa. Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Baadaye ikawa ofisi za serikali, na baadaye tena jumba la makumbusho.

Mizinga haikuiangusha, lakini uchakavu uliendelea. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ikaanguka. Hiyo ndiyo ilikuwa kalamu iliyoingia nusu. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kuitengeneza, sehemu kubwa ya jumba ikaporomoka. Watu wawili wakafa.

Turudi Mnyambe. Tulifanya hivi. Kwanza tulisimamisha miti ya muda kuubeba upenu, kwa sababu nguzo mbovu haing'olewi kabla mzigo wake haujapata wa kuupokea. Kisha tulichimbua. Nguzo mpya ni ya mninga, nayo haikuzikwa udongoni. Inakaa juu ya jiwe pana lililoinuka, ili mchwa akipanda aonekane. Mwamba wa upenu tuliufunga kwenye nguzo za nyumba yenyewe. Zamani ulikuwa umepigwa misumari miwili kwenye fito za ukuta, na hiyo kwangu si kazi ya fundi. Mwisho tukainua udongo wa baraza ili maji yatiririke kwenda nje.

Kazi yenu ya juma hili: kila mmoja achukue kisu, achome nguzo za baraza yake karibu na ardhi. Andika katika daftari, nguzo ngapi, na kisu kimeingia katika ngapi.

Yule mzee amekwisha badilisha nguzo mbili, anangoja mti wa ya tatu. Kwa sasa darasa linakutana chini ya mkorosho.

Kwaherini.