Kitenga, si Kibeba-ndege

Kuna karatasi ya maelekezo, imetoka ofisi ambayo sitaitaja, inayomtaka abiria anayesafiri na kasuku wake awe na "kibeba-ndege kilichoidhinishwa". Niliisoma mara ya pili nikitafuta mzaha, sikuuona. Kwa anayejua Kiswahili, chombo kinachobeba ndege ni manowari. Mwambie mzee wa Uyole kwamba unapanda basi la Iringa na kibeba-ndege mkononi, atakuuliza vita vimeanza lini.

Kiswahili hakikukosea kumwita kiumbe mwenye mabawa na chombo cha angani kwa jina moja, kwa sababu kina kinga yake, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Ndege huyu ameruka. Ndege hii imeruka. Pale uwanja wa Songwe, tangu ufunguliwe mwaka 2012, sijasikia abiria aliyepanda mgongoni mwa kunguru kwa kuchanganyikiwa. Ila ukilichukua neno hilo ukalishonea ndani ya neno ambatani, upatanisho unakosa pa kukaa na kinga inapotea. Haya ni mambo ya sekondari, na naona haya kuwakumbusha watu waliolipwa posho ya kuyasahau.

Kundi la pili, la wastaarabu kidogo, linapigania "kibebeo cha kipenzi". Sitasema mengi kuhusu "kipenzi". Wenye ndoa wataelewa. Shida yangu ni hicho kibebeo. Waswahili hawakuwahi kuwa na kibebeo kimoja cha kila kitu. Mtoto ana mbeleko, na neno lenyewe limetoka moja kwa moja katika kubeleka. Mgonjwa ana machela. Maiti ana jeneza. Vyakula vya kuning'inizwa vina susu, na vitu vya heshima vina jamanda lenye kifuniko chake. Lugha yetu huuliza kwanza kinachobebwa ni nani, ndipo itoe jina. Anayekuja na kibebeo kimoja kwa wote anafikiri kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, na kamati nyingi huliita jambo hilo usanifishaji.

Sasa, kuku je? Kuku ana tenga. Neno hilo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na lilikuwa midomoni mwa watu zamani kabla ya Johnson. Pale Ilula, kando ya barabara kuu, bei ya nyanya hutajwa kwa tenga, na hakuna mnunuzi anayeomba afafanuliwe. Tazama umbo lake: kuta ngumu, matundu ya kupitisha hewa, mdomo unaofungwa kwa juu. Hivyo ndivyo anavyohitaji kasuku. Tulipunguze tu kwa kiambishi ki-, kama kapu lilivyozaa kikapu, tupate kitenga, wingi vitenga. Silabi tatu. Kondakta anaweza kulitamka huku ananing'inia mlangoni.

Sidai kwamba tenga na kitenzi kutenga ni ndugu wa damu. Nasema tu kwamba sikio linawakuta ujirani, na ujirani huo una faida: kasuku mgeni hutengwa kwanza na wenzake kwa kuhofia magonjwa, na safarini hutengwa na mizigo, moshi na vidole vya watoto. Kutenga huko huko kumetupa kitengo, neno ambalo kila kamati inalipenda kwa kuwa yenyewe ni kitengo. Basi kwa nini kitengo kipite na kitenga kikataliwe?

Wako wanaotaka "tundu". Ni neno la zamani na ninaliheshimu, lakini leo tundu ni shimo kwanza. Andika "kitundu cha kasuku" uone watu watakavyotafuta ukutani. Wengine wanataka "kizimba". Kizimba kina mshtakiwa mahakamani, na siku hizi kina sato wa kufugwa Ziwa Victoria. Isitoshe, kizimba hukaa mahali pamoja. Mpinzani wangu mmoja, ambaye kwa bahati mbaya huketi viti vya mbele katika mijadala hii, alisema mtu wa Mwanjelwa akisikia kitenga ataleta doti ya kitenge. Na alete! Ataihitaji kufunikia, maana baridi ya Makambako mwezi Juni haimwonei huruma kasuku.

Kuhusu kukichagua kitenga chenyewe, kwa kifupi: kasuku asimame wima bila kugusa juu na ageuke bila kukunja mkia, kijiti cha kusimamia kiwe cha mti mkavu, kimefungwa chini-chini, kisicheze basi linapokata kona za Kitonga, waya usiwe wenye zinki, kwani kasuku huuguguna na zinki ni sumu kwake, komeo liwe lile ambalo mdomo wake hauwezi kulifungua, awekewe kipande cha tunda badala ya kopo la maji linalomwagika, na kitenga kisiingie buti.

Hewani, kanuni za IATA za wanyama hai ndizo zinazofuatwa, na nchini kibali hutangulia: wale kasuku wadogo wenye ukosi wa njano wanaoruka makundi kwa makundi Ruaha ni wanyamapori chini ya sheria ya mwaka 2009, si wa kutiwa kitengani. Kasuku wa kijivu, ambaye watu wa Ghuba humwita kasko, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES tangu Januari 2017. Kumvusha Tunduma bila karatasi ni kosa hata kitenga chako kikiwa cha dhahabu.

Pendekezo langu nililiwasilisha kwa maandishi. Likarudi na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu: je, kitenga kinaweza pia kumbeba paka? Kinaweza. Kitenga cha paka. Ngeli ya ki-vi inafanya kazi hata kwa paka.