Boti Iliyoumbwa na Barabara

Pima upana wa boti ya matembezi inayovutwa na gari kule Marekani, na mara nyingi utakuta haizidi futi 8 na nusu, yaani kama mita 2.6. Fundi angependa kuipanua zaidi, maana boti pana hutulia majini na chumba chake huwa na nafasi. Lakini mzigo mpana kuliko hapo unahitaji kibali cha kupita barabarani. Chombo cha majini kikatii amri ya nchi kavu.

Chanzo cha utii huo ni mashine. Boti za injini zilikuwepo tangu karne ya 19. Gottlieb Daimler aliijaribu yake katika mto Neckar, Ujerumani, mwaka 1886. Ila injini hizo zilikuwa nzito na zilifungwa ndani kabisa, hivyo chombo kilibaki pale kilipotiwa nanga. Cameron Waterman, kijana aliyesomea sheria Yale, aliona afadhali mashine ining'inizwe nje, kwenye tezi, na kufikia mwaka 1906 alikuwa anaziuza. Hata hivyo, jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyekulia Wisconsin.

Kisa chake kinapendwa mno. Siku moja ya joto mwaka 1906, Ole na mchumba wake, Bess Cary, walikuwa kisiwani, katikati ya ziwa. Bess akatamani askirimu. Ole akapiga makasia hadi ng'ambo kuifuata, na aliporudi ilikuwa imeshageuka maji. Wanasimulia kwamba hapo ndipo alipoazimia kutengeneza mashine ya kupachika. Sina ugomvi na kisa hicho, ila naona askirimu imesifiwa kupita kiasi na Bess amepunjwa. Inasemekana alipoiona mashine ile mara ya kwanza aliifananisha na kinu cha kusagia kahawa. Lakini ni yeye aliyeandika matangazo, akajibu barua za wateja na kushika hesabu, na oda zikaja hadi kutoka kwa wavuvi wa Skandinavia. Mashine yenyewe iliingia sokoni mwaka 1909 ikiwa na nguvu za farasi 1.5, uzito wa kilo 28 na bei ya dola 62. Afya ya Bess ilipodhoofika, Ole aliuza sehemu yake ya kampuni, kisha mwaka 1921 wakarudi na Elto, mashine iliyotengenezwa kwa alumini ili iwe nyepesi zaidi.

Sasa mtu aliweza kuibeba injini yake. Boti je, angeipeleka wapi? Hapo ndipo mabwawa yalipoingia. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Marekani ilijenga mabwawa mengi katika bonde la Tennessee, na bwawa la Hoover, mpakani mwa Nevada na Arizona, likatandaza Ziwa Mead katikati ya jangwa. Watu ambao babu zao hawakuwahi kuona bahari wakajikuta wana maji saa chache kutoka nyumbani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, wakawa na magari na likizo zenye malipo, na sheria ya mwaka 1956 ikaanzisha ujenzi wa takriban kilomita 66,000 za barabara kuu.

Kikwazo kilikuwa mbao. Fundi yeyote wa Lamu anajua kinachoipata mashua ya mbao ikikaa juani muda mrefu: mbao hukauka, maungio huachia, na kalafati lazima ianze upya. Boti ya kukaa kwenye trela wiki nzima na kuingia majini Jumamosi haiwezi kuishi hivyo. Alumini na faiba ndizo zilizoiokoa. Mwaka 1958 Dick Fisher alitoa Boston Whaler ya futi 13, yenye maganda mawili ya faiba na povu gumu katikati. Mwaka 1961 jarida la Life lilimwonyesha ameketi ndani yake majini huku boti ikikatwa kwa msumeno vipande viwili. Haikuzama, na Fisher akaondoka akiendesha nusu ya nyuma.

Trela halina shujaa wa namna hiyo, ingawa safari nyingi huharibikia kwake. Mzigo ukiegemea mno nyuma, trela huanza kuyumba kwenye mwendo kasi hadi linaliburuza gari. Beringi ndizo balaa kubwa zaidi. Gurudumu hufika ziwani likiwa na joto la safari. Likizamishwa papo hapo kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hujikunyata na kufyonza maji kupitia sili. Grisi huharibika, kutu huanza, na safari inayofuata gurudumu hukwama au huchomoka. Wenye uzoefu huacha lipoe kwanza, hata kama nyuma yao kuna foleni inayopiga honi.

Foleni hiyo ipo kwa kuwa kuna mahali pa kushushia. Sheria ya mwaka 1984 ilielekeza sehemu ya kodi ya mafuta ya boti kwenye kujenga miteremko ya zege ufukweni, na miteremko hiyo ikafungua safari ndefu. Leo wazee wawili waliostaafu huivuta boti aina ya C-Dory ya futi 22, yenye kitanda kwenye omo na jiko dogo, wakaishusha karibu na Seattle na kupita visiwa kwa visiwa kuelekea Alaska.

Kwetu, kwenye mialo ya Ziwa Victoria, wazo la kung'oa mashine limebaki kama lilivyokuwa: mvuvi akirudi huichomoa, akaibeba begani hadi mahali salama, mwizi asiipate. Mara nyingi ni Yamaha, kampuni ya Japani iliyotoa mashine yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1960. Kampuni iliyorithi kazi ya Ole ilifilisika mwaka 2000, jina lake likachukuliwa na wengine, na mwaka 2020 Evinrude zikaacha kutengenezwa.