Kalinzi na ardhi iliyoitwa tupu

Neno kalinzi, ambalo katika Bushi, mashariki mwa Kongo, hutaja ng'ombe au mali nyingine anayotoa kwa mwami (mtawala wa jadi) au mwakilishi wake mtu anayetaka shamba, halilingani na bei, kwa kuwa toleo hilo halinunui udongo, bali humpa mtoaji na warithi wake haki ya kulima huku likiwafunga katika utii kwa mtawala. Mapatano ya namna hiyo sheria ya kikoloni haikuyatambua: amri ya 1885 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola, na Kamati ya Kitaifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ikawagawia walowezi wa Kizungu ardhi ya kahawa na miti ya kwinini. Vivyo hivyo Marekani, kwa sheria ya 1862, iliwagawia walowezi hadi ekari 160 kila mmoja katika nchi ya Wenyeji wa Amerika. Kuliita malisho au konde lililopumzishwa ardhi tupu ilikuwa dhuluma iliyotendwa kwa neno kabla ya kupimwa mipaka. Leo wakulima wengi wa Bushi hutegemea bwasa, yaani shamba la kukodi kwa muda, lisilorithiwa.