Kirumi, Mwisho wa Mto

Ukipanda basi la alfajiri Bunda kwenda Sirari, unavuka daraja la Kirumi kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo Mto Mara unapokaribia kumaliza safari yake, ukijipenyeza kwenye mafunjo kuelekea Ziwa Victoria, kaskazini mwa mji wa Musoma. Upande mmoja wa daraja ni wilaya ya Butiama, upande wa pili ni Rorya. Bibi yangu ameishi jirani na hapo tangu enzi za kivuko, na ndiye aliyenifanya nibadili mada ya tasnifu yangu ya uzamili.

Mada ya kwanza ilikuwa ya heshima: ndoto ya shirikisho la Afrika Mashariki. Kwa mtu wa Mara ni kama urithi wa nyumbani. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama na amezikwa Butiama, na Juni 1960, akiwa Addis Ababa, alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika iwapo kungoja huko kungewezesha nchi jirani zipate uhuru pamoja na kuungana. Tanganyika haikungoja, ilipata madaraka ya ndani Mei 1961 na uhuru Desemba. Kenya ilipata madaraka yake tarehe 1 Juni 1963. Siku nne baadaye, jijini Nairobi, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini tamko la kuunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha bila shirikisho. Badala yake ikaja Jumuiya ya mwaka 1967, nayo ikafa 1977, na mali zikagawanywa kama za ndoa iliyovunjika. Ziwani kulikuwa na meli mbili pacha za kubeba mabehewa ya treni, MV Umoja na MV Uhuru. Tanzania ikabaki na Umoja, Kenya ikabaki na Uhuru. Nilipomsomea Bibi habari hiyo alicheka mpaka akapaliwa.

Kisha akaniambia anachokumbuka yeye. Hakumbuki tamko lolote. Anakumbuka mpaka kufungwa Februari 1977 na kufunguliwa Novemba 1983, karibu miaka saba, na sabuni na mafuta ya Kimbo yaliyokuwa yakipita usiku kwa njia za ng'ombe. Akaniuliza, bila kutania: "Sasa mjukuu wangu, hao waliofunga mpaka, maji ya mto waliyafungia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi chuoni nikaanza kusoma habari za mto.

Mara unaanzia mbali na kwetu, katika msitu wa Mau nchini Kenya. Mito ya Amala na Nyangores inakutana, ndipo unapata jina lake, ukapita kaunti za Bomet na Narok, ukaingia mbuga ya Maasai Mara, kisha Serengeti, kisha mabwawa na mafunjo ya kwetu. Kilomita 395 hivi. Karibu theluthi mbili ya bonde lake iko Kenya. Mpaka unaoukata ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kuuona: Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 walivuta mstari kutoka pwani, wakauzungusha Kilimanjaro, wakaulenga mahali ambapo nyuzi moja ya latitudo ya kusini inakutana na ukingo wa mashariki wa ziwa. Ni rula tu. Wakurya wakajikuta huku na huko, na mto ukawa na kichwa katika nchi moja na miguu katika nyingine.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeona hilo kuwa jambo la serikali kukaa na kuzungumza. Jumuiya ya zamani ilishughulika na reli, bandari, ndege na posta. Ni Jumuiya mpya, ile ya mkataba wa 1999, iliyokuja na itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria mwaka 2003, na kamisheni yake yenye makao Kisumu. Mwaka 2012 ikaanza Siku ya Mara, ambayo huadhimishwa kila Septemba 15, msimu ambao nyumbu wanavuka mto, mara Kenya, mara Tanzania. (Samahani kwa hiyo "mara". Lugha ndiyo iliyoanza.) Mwaka 2015 nchi hizi mbili zikatia saini hati ya makubaliano ya kusimamia pamoja maji ya bonde hilo. Hapakuwa na umati uwanjani kama wa mwaka 1963. Kuna maofisa wa maji, vipimo vya kina cha mto, miche ya miti, hotuba, na chakula cha mchana. Mimi naamini hapo, kwenye mambo yasiyovutia magazeti, ndipo ujirani wetu umekua kuliko mahali pengine popote.

Lakini majirani hawa hawako sawa. Katiba ya Kenya ya 2010 ilileta ugatuzi, na tangu 2013 Bomet na Narok zina magavana waliochaguliwa, mabunge yao na bajeti zao. Upande wetu neno madaraka lina historia nyingine. Mwaka 1972 serikali ilitangaza sera ya Madaraka Mikoani, na kwa jina hilohilo ikafuta halmashauri za wilaya zilizokuwa zikichaguliwa na wananchi. Zilirudi katikati ya miaka ya 1980. Leo Butiama, Bunda na Musoma zina madiwani wa kura, ila Mkuu wa Mkoa wa Mara anateuliwa na Rais, na maji ya mto yako chini ya bodi ya bonde iliyoko Mwanza, ambayo nayo iko chini ya wizara. Kwa hiyo wakikaa meza moja, gavana amebeba kura za watu wa Bomet, na mwenzake amebeba maelekezo ya Dodoma. Sisemi gavana ni bora; kura haisafishi maji, na hata huko mikataba ya nje ni kazi ya Nairobi. Nasema tu kwamba mkulima wa Bomet akikosewa anajua wa kumwajibisha kila miaka mitano. Bibi yangu, ambaye anakunywa kilichobaki baada ya wote hao, hajui.

Machi 2022 jambo hili liliacha kuwa la vitabuni. Maji ya Kirumi yalibadilika yakawa meusi yenye harufu, samaki wakaelea wamekufa. Uvuvi ukasimamishwa. Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake: migodi, wakulima, watu wa juu ya mto. Kamati iliyoundwa na serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe wanaolishwa kwenye ardhi oevu, pamoja na mimea iliyooza. Mitandaoni watu walicheka wiki nzima. Kirumi hawakucheka. Bibi alitaka kujua kitu kimoja: wale wanaokutana kila Septemba, je, kuna aliyempigia simu mwenzake? Niliuliza huku na kule. Nilipewa majina ya ofisi.

Msimamizi wangu wa tasnifu anaona mada hii mpya imekuwa ndogo. Shirikisho lina marais, alisema, mto una vikao. Nimemwomba aniache na vikao vyangu.

Likizo iliyopita nilimkuta Bibi na kikombe cheupe cha bati ambacho zamani hakikuwepo. Huchota nacho kwanza, anakiinua kwenye mwanga na kuchungulia ndani, anakinusa, ndipo anajaza ndoo.