KUTU CHINI YA GARI: DAWA IPI, NA INAPAKWAJE?

Mwaka juzi Hiace ya mjomba ilikata breki kwenye mteremko, barabara ya Bukoba–Muleba, abiria wamejaa. Mungu saidia ikaishia kwenye migomba, wote wazima. Gereji tukakuta paipu ya breki imeliwa na kutu chini ya lami nene. Aliyeipaka alipiga lami juu ya kutu, gari likaonekana jipya. Ndo maana naandika.

KUTU INATOKA WAPI?
Kemia ya sekondari: chuma, maji na hewa vikikutana, kutu inazaliwa. Chumvi inaongeza kasi. Ziwa letu ni maji baridi, upepo wake hauna chumvi kama wa Dar au Tanga. Ila Bukoba inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na tope likiganda kwenye chesisi linatunza unyevu. Pikapu za samaki wa chumvi ndo kabisa! Halafu gari nyingi zimetumika Japani, na kule kaskazini, kama Hokkaido, barabara hutiwa chumvi kuyeyusha theluji. Kabla hujalipia, inama uangalie chini.

DAWA ZENYEWE
1. Lami: bei poa, nene, inazuia maji. Ila ikikauka inapasuka, maji yanaingia nyuma yake na huoni kitu.
2. Ya raba: inanyumbuka, inavumilia kokoto. Nayo usiiweke juu ya kutu.
3. Ya nta au mafuta mazito: inapenya kwenye maungio na ndani ya chesisi. Inaoshwa na mvua taratibu, kwa hiyo irudie kila mwaka.
4. Oili chafu: wengi tunaipenda kwa sababu ni ya bure. Inalainisha bushi za raba hadi zinakufa, inadhuru ngozi, na ikidondoka inachafua udongo na maji yetu.

Mimi ningechagua raba kwenye matairi yanakorusha kokoto, na nta sehemu za ndani.

JINSI YA KUPAKA
Fanya kiangazi, Juni hadi Agosti.
- Osha chini kwa maji ya presha, acha pakauke kabisa.
- Weka gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake inaua, usilale chini yake.
- Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa. Vaa miwani. Penye tundu, achomelee fundi. Dawa haizibi tundu.
- Paipu ya breki yenye kutu ya kumomonyoka inabadilishwa, haipakwi.
- Paka praima ya kuzuia kutu, ikauke.
- Ziba kwa magazeti ekzozi, diski za breki, shafti na raba zote. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi.
- Piga dawa mikono miwili myembamba, ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Hewa iwepo, sigara hapana.

Kila baada ya masika ingia chini na tochi. Ukiona imevimba au imepasuka, gonga na bisibisi: ikibanduka, kwangua uanze upya pale pale. Gari jeusi chini siyo lazima liwe zima. Mjomba amejifunza kwa gharama, wewe jifunze bure.